Street Fighter II kwenye konsoli ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo yanajirudia kila mtu anapochomoa Super Nintendo ya zamani kabatini au anapodaunlodi toleo jipya kwenye simu au konsoli ya siku hizi, halafu anashangaa mbona Street Fighter II, ile gemu ya kupigana ya Capcom, haifanani na ile ya kwenye mashine ya sarafu. Nimeyapanga kuanzia ya kawaida kabisa, yale ya wabishi yako mwishoni. Kama jibu lipo sehemu nyingine nitakuelekeza, sitarudia.

## Ya msingi

Tunaongelea gemu ipi hasa? Maana Street Fighter II ziko kama kumi.

Uko sahihi, ziko nyingi na majina yao yanachanganya makusudi kabisa. Ya kwanza ni Street Fighter II: The World Warrior, Capcom waliitoa 1991 kwenye mashine za sarafu. Ina wapiganaji nane wa kuchagua (Ryu, Ken, Chun-Li, Guile, Blanka, Zangief, Dhalsim na E. Honda) na mabosi wanne ambao huwezi kuwachagua. 1992 ikaja Champion Edition, hapo mabosi ukaruhusiwa kuwachukua na watu wawili wakaweza kuchukua mpiganaji mmoja, halafu mwisho wa mwaka huohuo ikaja Hyper Fighting ambayo ni ileile ila imeongezwa spidi na mapigo mapya kidogo. 1993 ikafuata Super Street Fighter II yenye wapiganaji wanne wapya, Cammy, Fei Long, T. Hawk na Dee Jay, na 1994 Super Street Fighter II Turbo.

Mtu akikwambia "mi nilicheza Street Fighter II nyumbani" muulize kwanza ipi, la sivyo mtabishana usiku kucha kuhusu vitu viwili tofauti.

Kwenye konsoli ilianza lini na ilianzia wapi?

Super Nintendo, Juni 1992 Japani, na Marekani ikafika baadaye mwaka huohuo. Hii ndo iliyofanya watu wanunue konsoli nzima kwa ajili ya gemu moja. Katriji hiyo imeuza nakala milioni 6.3, na ile ya Turbo (yaani Hyper Fighting ya nyumbani) iliyofuata 1993 ikauza milioni 4.1, hizo ni hesabu za Capcom wenyewe.

Kwa kifupi tu, ya nyumbani ni sawa na ya mashine?

Kwa macho, hapana. Kwa mikono, karibu sana. Na mimi msimamo wangu kwenye ukurasa huu wote ni huo: ukitaka kujua kama toleo la nyumbani ni zuri usiangalie picha, fumba macho ujaribu kutoa Shoryuken (ile ngumi ya kupaa ya Ryu na Ken) mara kumi. Ikitoka mara tisa, toleo ni zuri. Ikitoka mara nne, hata picha ziwe nzuri vipi hilo toleo halifai.

## Picha na sauti

Kwa nini wapiganaji wa Super Nintendo wanaonekana wadogo na wembamba kuliko kwenye mashine?

Kwa sababu skrini yenyewe ina nukta chache. Bodi ya mashine, inaitwa CPS-1, inachora nukta 384 kwa 224. Super Nintendo inachora 256 kwa 224. Urefu ni uleule lakini kwa upana umepoteza theluthi nzima, kwa hiyo ukichukua mchoro wa mashine ukauweka ulivyo, Zangief angejaza nusu ya uwanja. Ilibidi wachoraji warudie wapiganaji wapya, wawapunguze bila kuharibu yale mapozi yao, na kiukweli walifanya kazi ya maana maana ukimwona Guile kivuli tu unajua ni Guile.

Hii si suala la urembo tu. Kwenye gemu hii umbali ndo kila kitu. Teke zito la chini la Ryu lina mahali pake pa kufika, na ukiwapunguza wapiganaji bila kupunguza uwanja kwa kipimo kilekile, basi mtu aliyezoea mashine ataanza kupiga hewa. Ndo maana mzee wa mashine akikaa kwenye Super Nintendo mara ya kwanza anapigwa na mtoto, anakasirika, anasema pedi mbovu. Pedi haina shida, macho yake ndo bado yanapima kwa rula ya zamani.

Vitu gani vilikatwa?

Elewa kwanza ukubwa. Kwenye bodi ya mashine picha peke yake zinachukua megabaiti 6. Katriji ya Super Nintendo ilikuwa ya megabiti 16, yaani megabaiti 2, na humo ndani lazima waingie wapiganaji, viwanja, muziki, sauti na programu yenyewe. Na usidhani megabiti 16 zilikuwa kidogo, kwa wakati ule hiyo ilikuwa katriji kubwa kuliko zote za Super Nintendo.

Kwa hiyo kuna vitu vimeondoka. Ule mwanzo wa jamaa wawili wanapigana mbele ya watu kisha kamera inapanda juu ya jengo haupo. Raundi ya bonasi ya kuvunja mapipa imewekwa ya kuvunja matofali badala yake. Kuna fremu (picha moja moja) za miendo zimepunguzwa na viwanja vimepoa kidogo. Lakini wapiganaji wote nane wapo, mabosi wote wanne wapo, na hakuna pigo hata moja lililofutwa, na kwangu mimi hapo walichagua vizuri, wamekata nyama ya pembeni wakaacha mfupa.

Sauti je? Mbona muziki unasikika tofauti kabisa?

Bodi ya mashine inatumia chipu ya Yamaha inayotengeneza sauti yenyewe, ile milio mikali ya chuma chuma. Super Nintendo ina chipu ya Sony inayocheza vipande vya sauti vilivyorekodiwa, na kumbukumbu yake ni kilobaiti 64 tu kwa kila kitu, muziki na makelele ya ngumi humohumo. Matokeo yake nyimbo ni zilezile lakini zimekuwa laini, zina mwangwi. Wengine wanaipenda zaidi hii, na mi kwenye wimbo wa Guile niko upande wao.

Mega Drive, konsoli ya Sega, yenyewe ina chipu ya Yamaha ya ukoo uleule na ya mashine kwa hiyo muziki wake una ile ladha, ila sauti za watu ni majanga, zinakwaruza kama redio iliyoingia maji. Ukisikia "Hadouken" (kelele ya Ryu akirusha mpira wake wa nguvu) ya Mega Drive utadhani Ryu ana mafua.

## Pedi na mikono

Mashine ina batani sita. Nyumbani nazipata wapi?

Hapa ndo Super Nintendo iliotea. Gemu inataka ngumi tatu na mateke matatu: nyepesi, ya kati na nzito. Pedi ya Super Nintendo ina batani nne usoni na mbili mabegani, jumla sita, utadhani walikaa kikao kimoja. Ukiwasha bila kubadili kitu, Y ni ngumi nyepesi, X ngumi ya kati, L ngumi nzito, B teke jepesi, A teke la kati, R teke zito. Shida ni kwamba mapigo mazito yako mabegani na kidole cha shahada kina uvivu wake, hivyo wengi wanaingia kwenye setingi wanahamisha. Hamisha tu usione aibu.

Na Mega Drive yenye batani tatu?

Ooh, hii. Special Champion Edition ilipotoka kwenye Mega Drive 1993 pedi ya kawaida ilikuwa na A, B, C na Start. Kwa hiyo batani tatu zinakuwa ngumi, ukibonyeza Start zinageuka mateke, ukibonyeza tena zinarudi ngumi. Yaani upo katikati ya vita mtu anakurukia, unataka teke, inatoka ngumi, umeshalala. Inachezeka, kuna watu waliizoea mpaka leo wanatamba nayo, lakini mi siwezi kumshauri mtu mzima ajitese. Sega walitoa pedi ya batani sita na hiyo ni moja ya pedi bora kabisa za gemu za kupigana, ile sehemu ya kuelekeza ni ya duara na kidole kinateleza vizuri. Tafuta hiyo.

Hadouken haitoki! Nakosea wapi?

Pole, kila mtu amepita hapo. Ni chini, chini-mbele, mbele, halafu ngumi. Kosa la kwanza ni kuruka ile kona ya katikati, unaenda chini kisha mbele moja kwa moja kama unapiga kona ya mraba. Kidole gumba kisinyanyuke, kiviringishe. Kosa la pili ni kubonyeza ngumi mapema, subiri mpaka kidole kimefika mbele. Na ukiwa upande wa kulia kila kitu kinageuka, "mbele" ni kuelekea kwa adui siku zote.

Shoryuken ni mbele, chini, chini-mbele, ngumi. Watu wakiishindwa wanalaumu toleo, lakini soma pia swali la TV huko chini kabla hujalaumu chochote.

Guile na wenzake wa kuchaji ni wepesi zaidi kwenye pedi?

Kwa maoni yangu ndiyo. Sonic Boom, pigo la Guile la kurusha, ni kushika nyuma kama sekunde moja na ushee kisha mbele na ngumi, hakuna kuviringisha. Ujanja ni kushika chini-nyuma muda wote, hapo unabloki, unachaji Sonic Boom na unachaji Flash Kick (teke lake la kupaa) kwa wakati mmoja. Ndo maana ukikutana na mchezaji wa Guile amekaa chini kama anachimba muhogo, ujue hajalala, anakusubiri uruke.

Zangief je, lile pigo lake la kukamata, la kuzungusha duara zima?

Kwenye stiki ya mashine unazungusha mkono wote, raha. Kwenye pedi kidole kinapita juu na Zangief anaruka kabla hujabonyeza ngumi. Dawa yake ni kuanza kuzungusha wakati hawezi kuruka: akiwa anatua kutoka angani, au wakati ngumi nyepesi bado haijarudi. Piga ngumi nyepesi ya kumgusa tu adui, zungusha hapohapo, bonyeza ngumi tena. Ukiipata mara tatu mfululizo rafiki yako atazima konsoli.

## Kombo, kompyuta na mambo ya ndani

Ni kweli kombo (mapigo yanayoungana mfululizo) zilitokea bila kukusudiwa?

Kweli. Noritaka Funamizu wa Capcom alikuwa anakagua makosa kwenye raundi ya bonasi ya kuvunja gari, akagundua kwamba ukipiga kwa muda fulani sahihi unaweza kuingiza pigo lingine kabla la kwanza halijamalizika. Waliona ni ngumu sana watu hawataitumia, wakaiacha kama siri. Kumbe ndo kitu kilichojenga gemu zote za kupigana zilizofuata.

Hii inahusu nini na konsoli? Inahusu sana. Kombo zinaishi ndani ya fremu chache, na gemu inaenda fremu 60 kwa sekunde, kila moja ni kama milisekunde 16 na kitu. Toleo la nyumbani likikosea fremu mbili tatu kombo imekufa. Super Nintendo ilizibeba, ukiruka na teke zito, ukapiga ngumi nzito chini, ukamalizia na Hadouken, inaunga. Sasa chukua matoleo ya kompyuta za nyumbani za wakati ule kama Amiga, stiki ya batani moja, utaelewa kwa nini hakuna anayeyakumbuka kwa wema.

Kompyuta ninayopigana nayo inanidhulumu au ni mimi tu?

Inakudhulumu. Guile wa kompyuta anarusha Sonic Boom akiwa anatembea mbele, bila kuchaji, wakati wewe huwezi. Inasoma ulichobonyeza na kujibu papo hapo. Kuanza na ugumu wa chini si dhambi, na kumbuka binadamu na kompyuta ni michezo miwili tofauti: mbinu inayomuua kompyuta (ruka, teke, kaba, rudia) kwa mtu anayejua Shoryuken itakuaibisha.

Naweza kucheza na M. Bison kwenye katriji ya kwanza ya Super Nintendo?

Huwezi. Hakuna siri, hakuna kodi (mfuatano wa siri wa batani), usipoteze jumapili yako. Unataka mabosi chukua Turbo kwenye Super Nintendo, au Special Champion Edition kwenye Mega Drive, au Champion Edition ya konsoli ya PC Engine iliyotoka Japani tu 1993.

Basi Ryu kwa Ryu inawezekana?

Hiyo ndiyo, kwa kodi. Nembo ya Capcom ikitokea mwanzoni bonyeza haraka Chini, R, Juu, L, Y, B. Ukifanikiwa skrini ya jina la gemu inakuwa na bluu nyuma badala ya nyeusi. Wamewapa watu wa nyumbani kitu ambacho mashine ya World Warrior haikuwa nacho kabisa, ni moja ya mara chache nyumbani palishinda.

Nichague ipi, Turbo ya Super Nintendo au Special Champion Edition ya Mega Drive?

Ugomvi wa miaka yote. Zote zina kasi ya Champion na ya Hyper. Ya Mega Drive ni megabiti 24, na ina ule mwanzo wa jamaa wawili niliotaja kwenye swali la vilivyokatwa. Ya Super Nintendo ni megabiti 20, rangi zake zimeiva, sauti za watu zinaeleweka, na pedi unayo tayari. Kama una pedi ya batani sita ya Sega chagua yoyote. Kama huna, Super Nintendo, wala usinisumbue.

## TV, umeme wa picha na vifaa vya leo

Nimeunga Super Nintendo yangu kwenye TV bapa na kila kitu kinachelewa. Gemu imezeeka?

Gemu haizeeki. TV bapa inapokea picha ya zamani, inaikuza, inaisafisha, inailainisha, ndipo inakuonyesha, na kazi hiyo yote inakula muda. Ikila fremu nne tano, Shoryuken yako ya kuzuia mtu anayeruka inatoka ukiwa umeshapigwa teke la uso. Ingia kwenye setingi za TV uwashe hali ya gemu, zima usafishaji wote wa picha. Vile vidude vya bei ya chini vya kugeuza waya za zamani kwenda HDMI navyo vinaongeza ucheleweshaji wake, epuka ukiweza. TV ya kichogo haina tatizo hilo, kama jirani anatupa yake mwahi.

Yangu inaenda polepole na ina mistari myeusi juu na chini. Imeharibika?

Haijaharibika, ni ya Ulaya. Mfumo wa PAL ulikuwa unaenda mara 50 kwa sekunde badala ya 60, na gemu nyingi za wakati huo hazikurekebishwa ipasavyo, hivyo kila kitu kinapungua kasi kama asilimia 17 na picha inabanwa. Watu wengi walikua wakidhani ndo mwendo wake halisi, siku wanakutana na ya Marekani wanahisi kama mtu amekanyaga mafuta.

Katriji haiwaki, nipulize?

Usipulize, mate yana unyevu na chuma kinapata kutu taratibu. Chukua pamba ya masikioni, spiriti kidogo, sugua zile meno za shaba, subiri ikauke. Gemu hii haina betri ya kuhifadhi ndani kwa hiyo hakuna cha kufa humo, lakini pia ndo maana alama zako za juu zinafutika ukizima.

Sina konsoli ya zamani. Toleo gani la sasa liko karibu na mashine?

Street Fighter 30th Anniversary Collection ya 2018 ina gemu 12, na humo ni zile za mashine zenyewe, si za Super Nintendo. Iko PlayStation 4, Xbox One, Switch na kompyuta. Ukitaka ladha ya Super Nintendo, ile konsoli ndogo ya Super Nintendo ya 2017 iliyouzwa Marekani na Ulaya ina Turbo ndani yake. Kwa emuleta (programu inayoiga konsoli ya zamani), RetroArch ina kitu cha kukimbiza fremu mbele ambacho kinapunguza ucheleweshaji, kinasaidia sana kwa watu wa TV bapa, ila kinataka kompyuta yenye nguvu kidogo.

Na Game Boy?

Ilitoka 1995, batani mbili: gusa kidogo pigo jepesi, shikilia pigo zito. E. Honda, Dhalsim na Vega (yule mwenye kucha) hawamo. Basi.

## Ya wabishi

Sheng Long, yule mpiganaji wa siri, yupo au hayupo?

Hayupo. Ryu kwenye toleo la Kiingereza la mashine akishinda anasema lazima umshinde Sheng Long ili uwe na nafasi, watu wakadhani ni mtu. Ni tafsiri iliyoteleza, hilo ni jina la Shoryuken lilivyosomwa kwa namna nyingine. Jarida la Electronic Gaming Monthly likatoa utani wa siku ya wajinga Aprili 1992 likieleza namna ya kumpata, maelezo yenyewe karibu hayawezekani, na watu waliyajaribu. Kwenye Super Nintendo wakabadilisha hayo maneno, sasa anataja Dragon Punch yake. Kwa hiyo kama uliwahi kumtafuta Sheng Long kwenye Super Nintendo, hata ile sentensi ya kukudanganya haikuwemo.

Kwa nini rafiki yangu wa Japani anasema Vega ndiye bosi wa mwisho?

Kwa sababu kwake ni kweli. Japani bondia anaitwa M. Bison, yule Mhispania mwenye kucha anaitwa Balrog, na bosi wa mwisho mwenye kofia ni Vega. Jina M. Bison kwa bondia lilikuwa karibu mno na Mike Tyson, Capcom wakaogopa kesi Marekani, wakayazungusha majina matatu. Ndo maana wachezaji wakikutana kutoka nchi tofauti hawataji majina kabisa, wanasema Bondia, Kucha na Dikteta, na wewe fanya hivyohivyo ukiwa mtandaoni, la sivyo utamsubiri mtu wa kucha akuletee bondia.